Bima ya nyumba, gari na dhima: hatua kwa hatua kwa anayekata mara ya kwanza

Maswali yanayonifikia kuhusu bima ni yaleyale. "Nimelipa miaka mitano, kwa nini wamenipa nusu?" "Gari lina bima, mbona matengenezo nalipa mwenyewe?" "Mgeni kateleza kwenye ngazi zangu, bima ya nyumba si ipo?" Karibu kila mara jibu liko kwenye fomu ambayo muulizaji aliijaza harakaharaka, au kwenye ukurasa wa mkataba ambao hakuufungua. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu yale unayofanya kabla hasara haijatokea. Siku ya moto au ya ajali, mengi huwa yameshaamuliwa.

Nazungumzia bima tatu: ya mali (jengo na vilivyomo), ya gari, na ya dhima, yaani ile inayolipa pale sheria inapokutaka wewe umlipe mtu mwingine uliyemsababishia hasara. Bima ya afya na ya maisha zina kanuni zake, sizigusi hapa. Sheria pia hutofautiana nchi hadi nchi, kwa hiyo ukiona ninachosema kinapingana na mkataba ulio mkononi mwako, fuata mkataba.

Andaa hivi kabla ya kuanza

- Hati zinazoonyesha uhusiano wako na mali: hati ya nyumba, mkataba wa upangaji, kadi ya gari, mkataba wa mkopo. Huwezi kukatia bima kitu ambacho kikiharibika wewe hupotezi chochote. Mpangaji hakatii bima jengo la mwenye nyumba kana kwamba ni lake, lakini vyombo vyake vya ndani anaweza, na anapaswa.
- Orodha ya vitu vya ndani, chumba kwa chumba, kila kimoja na bei ya kukinunua kipya leo. Piga na video: fungua makabati, onyesha namba za utambulisho nyuma ya televisheni na kompyuta. Hifadhi nakala nje ya nyumba, maana orodha inayoungua pamoja na nyumba haina kazi.
- Makadirio ya gharama ya kulijenga jengo upya, kutoka kwa mkadiriaji majenzi au mkandarasi anayejua kazi yake.
- Taarifa za gari: mwaka wa kutengenezwa, namba ya chesisi na ya injini, mabadiliko yoyote uliyofanya, na majina na leseni za wote watakaoliendesha.
- Historia yako ya ajali na madai. Kampuni nyingi huuliza ya miaka mitatu hadi mitano iliyopita.
- Kama una biashara: idadi ya wafanyakazi, mauzo ya mwaka, na maelezo ya kazi mnayofanya hasa, hata ile mnayofanya mara mojamoja.

Maneno manne ya kuyajua

Ada ya bima ni unachoilipa kampuni ili ikubebee hatari. Kiasi cha bima ni kikomo cha juu kabisa cha malipo. Sehemu ya kujibebea ni kile unachokatwa wewe kwanza katika kila dai kabla kampuni haijaanza kulipa. Fidia ni kukurudisha pale ulipokuwa dakika moja kabla ya hasara, bila kukuacha na faida. Hilo la mwisho likikukaa kichwani, mambo mengi ya huko mbele yatajieleza yenyewe.

Hatua ya 1: Anza na hasara inayoweza kukufilisi

Usianze na bei. Jiulize: ni jambo gani likitokea kesho asubuhi sitasimama tena bila msaada? Kwa watu wengi majibu ni mawili: nyumba kuteketea yote, au kumjeruhi mtu kiasi cha kudaiwa matibabu yake na kipato alichopoteza. Kioo kilichopasuka au redio iliyoibwa haviko kwenye orodha hiyo.

Kwa hiyo kubali sehemu ya kujibebea iliyo kubwa kidogo, ada ishuke, halafu unachookoa kitumie kuongeza kikomo cha malipo ya hasara kubwa. Mimi huona watu wakifanya kinyume chake: wanalipia kila mkwaruzo, halafu kikomo cha dhima kinabaki cha chini kabisa.

*Angalizo:* sehemu ya kujibebea iwe ni fedha unayoweza kuipata wiki hiyohiyo. Na uulize kama ni kiasi maalumu au ni asilimia, na ni asilimia ya nini. Katika dhoruba na tetemeko la ardhi, mikataba mingine hukata asilimia ya kiasi chote cha bima. Kama jengo limekatiwa milioni 100 na makato ni asilimia 2, unajibebea milioni 2 hata kama hasara yenyewe ni milioni 3.

Hatua ya 2: Pata kiasi sahihi cha bima ya jengo

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, kwa hiyo tutulie.

Kiasi cha bima ya jengo ni gharama ya kulijenga upya kutoka msingi. Si bei ambayo ungeliuza. Bei ya soko ina ardhi ndani yake, na ardhi haiungui. Kwa upande mwingine, gharama ya kujenga upya ina vitu ambavyo bei ya soko haina: kubomoa mabaki, kuondoa kifusi, ada ya msanifu na mhandisi, vibali, na uzio kama nao umo kwenye bima. Kulingana na mahali nyumba ilipo, hesabu hizi mbili zinaweza kuachana mbali sana, na yoyote kati yake inaweza kuwa kubwa kuliko nyenzake.

Sasa, ukiandika kiasi pungufu, hukatwi tu siku nyumba inapoungua yote. Unakatwa hata kwenye hasara ndogo, kwa sababu mikataba mingi ina kifungu cha uwiano. Angalia hesabu:

Gharama halisi ya kujenga upya: milioni 100.
Kiasi ulichokatia bima: milioni 60.
Jiko limeungua, hasara milioni 20.

Wengi husema, milioni 20 iko chini ya 60, nitalipwa yote. Sivyo. Umeikatia nyumba asilimia 60 ya thamani yake, kwa hiyo kampuni inabeba asilimia 60 ya hasara: milioni 12. Kama sehemu ya kujibebea ni milioni 1, unaondoka na 11. Zile 9 ni zako.

Baadhi ya mikataba hulegeza kidogo. Marekani, kwa mfano, bima za majengo ya biashara mara nyingi hudai ukatie angalau asilimia 80 ya thamani. Kwa mfano wetu, ulitakiwa kuwa na milioni 80, una 60, basi unalipwa robo tatu ya hasara: milioni 15 kabla ya makato. Uliza kama mkataba wako una kifungu hiki na asilimia yake ni ngapi. Uliza kwa maandishi.

Kuzidisha nako hakusaidii. Nyumba ya milioni 100 ukiikatia milioni 150, ikiungua utalipwa gharama ya kujenga na si zaidi; umelipia ada ya bure. Na kwa kuwa bei za saruji, mbao na mabati hupanda, rudia makadirio kila unapohuisha bima. Kiasi kilichokuwa sahihi miaka minne iliyopita leo huenda ni pungufu.

Hatua ya 3: Chagua namna utakavyolipwa

Kuna njia mbili. Moja hulipa bei ya kitu kipya cha aina ileile. Nyingine hulipa bei ya kipya ukiondoa uchakavu. Tuseme jokofu lako lina miaka saba na lilitarajiwa kudumu kumi: njia ya pili itakupa takriban asilimia 30 ya bei ya jipya. Ya kwanza ina ada kubwa zaidi, na kwa vitu vya ndani naona inastahili, kwa sababu huwezi kwenda dukani na asilimia 30.

*Angalizo:* vito, fedha taslimu, kamera, saa na kazi za sanaa huwa na kikomo chake kidogo ndani ya kikomo kikubwa. Kitu cha thamani kiandikishe kwa jina lake, na uambatishe risiti au tathmini.

Hatua ya 4: Jua ni majanga gani unalindwa nayo

Bima ya nyumba dhidi ya moto ilianza kuuzwa London baada ya moto mkubwa wa mwaka 1666, na mpaka leo moto, radi na mlipuko ndiyo shina. Mengine ni matawi yanayoongezwa: dhoruba, kupasuka kwa mabomba, ghasia, wizi, kugongwa na gari.

Mkataba wako utakuwa wa aina moja kati ya mbili. Wa kwanza hutaja majanga, na kisichotajwa hakilipwi. Wa pili hulipa uharibifu wowote wa ghafla isipokuwa ule uliotengwa kwa maandishi. Tofauti haipo kwenye upana peke yake. Katika wa kwanza, wewe ndiye unayeonyesha kwamba janga lililotajwa ndilo lililosababisha hasara. Katika wa pili, kampuni ikitaka kukataa, yenyewe ndiyo inayoonyesha kwamba hasara imo kwenye yaliyotengwa.

Maji huwachanganya watu kuliko kitu kingine chochote. Bomba likipasuka ghafla, kwa kawaida unalipwa uharibifu uliosababishwa na maji, ingawa bomba lenyewe huenda ukalitengeneza mwenyewe. Upepo ukiezua paa na mvua ikaingia, inahesabika ni hasara ya dhoruba. Mvua ikiingia kupitia paa lililooza, ni uchakavu, hakuna malipo. Maji yakipanda kutoka mtoni au barabarani, ni mafuriko, na mafuriko mara nyingi hayamo mpaka uyaombe na kuyalipia. Tetemeko la ardhi vivyo hivyo. Maji ya zimamoto yakiharibu samani wakati wa kuzima moto, hiyo ni hasara ya moto. Usiogope kuidai.

Yanayotengwa karibu kila mahali: uchakavu, kutu, mchwa na panya, uvujaji wa polepole, vita, mionzi ya nyuklia, na uharibifu uliofanya kwa makusudi.

Mawili ya kuyaangalia kwa makini. Wizi: mikataba mingi hutaka alama za kuvunja na kuingia, kwa hiyo mlango ulioachwa wazi unaweza kukunyima dai. Nyumba tupu: ukiondoka kwa muda mrefu kuliko uliowekwa (siku 30 au 60 ni za kawaida), kinga ya wizi, uharibifu wa makusudi na mabomba inaweza kusimama. Ukisafiri kwa muda mrefu, itaarifu kampuni kabla ya kuondoka.

Hatua ya 5: Gari

Kwa lugha ya mtaani kuna bima ndogo na bima kubwa. Ndogo, ya mtu wa tatu, humlipa uliyemgonga: majeraha yake na mali yake. Gari lako haligusi. Nchi nyingi zimeifanya ya lazima. Uingereza, kwa mfano, ilifanya hivyo kwa sheria ya mwaka 1930. Katikati kuna ile inayoongeza moto na wizi wa gari lako. Kubwa huongeza uharibifu wa gari lako hata kama kosa ni lako.

Usitegemee jina, soma kilichomo. Kwa Wamarekani, neno "comprehensive", ambalo sisi tunalichukulia kuwa bima kubwa, halihusu kugongana kabisa. Kinga ya kugongana hununuliwa kando, na hiyo "comprehensive" hushughulikia wizi, moto, mawe ya mvua, mti kuanguka na mengine ya namna hiyo.

Fuata mpangilio huu:

a) Anza na kikomo cha mtu wa tatu. Angalia kikomo cha majeraha kwa mtu mmoja, kikomo kwa ajali nzima, na kikomo cha mali. Kiwango cha chini cha kisheria kipo ili serikali ikuruhusu barabarani, hakikupimwa kwa ajali mbaya. Mahakama ikiamuru zaidi ya kikomo, kinachozidi kinatoka kwako.

b) Taja matumizi ya kweli. Gari lililoandikishwa kwa matumizi binafsi likikutwa limebeba abiria wa kulipa au mizigo ya biashara, kampuni ina sababu ya kukataa. Kazi za kusafirisha watu au vifurushi kupitia programu za simu ni biashara, hata ukifanya jioni tu.

c) Andika madereva wote, hasa vijana na wenye leseni mpya. Ada itapanda. Bora ipande.

d) Uliza thamani itakayotumika. Kwa kawaida ni bei ya soko siku ya ajali, si uliyonunulia. Gari la kale au la nadra linaweza kukatiwa bima kwa thamani mliyokubaliana mapema. Kama una mkopo wa gari, linganisha deni na bei ya soko: deni likiwa kubwa, gari likiibwa utabaki unalipa kitu ambacho huna.

e) Orodhesha vya kuongezea: redio ya bei, rimu, vifaa vya gesi. Visivyoandikwa huenda visilipwe.

f) Kama unavuka mpaka, hakikisha kinga inavuka nawe, kwa hati sahihi.

Yanayokataliwa mara nyingi: kuendesha ukiwa umelewa, dereva asiye na leseni ya aina hiyo ya gari, kupakia kupita kiasi, mashindano, funguo zilizoachwa ndani, na hitilafu ya kimakanika isiyotokana na ajali. Injini iliyokufa kwa kukosa oili si ajali.

Hatua ya 6: Dhima, bima inayosahaulika

Nyumba na gari unaviona. Dhima huioni mpaka barua ya wakili ifike. Nyumba ina thamani inayojulikana na haiwezi kukutia hasara kuliko hiyo. Mtu aliyeumia kwa uzembe wako anaweza kukudai matibabu na kipato cha miaka mingi, na hakuna anayejua mapema kitafika wapi.

Msingi wake ni rahisi: ulikuwa na wajibu wa kuwa mwangalifu kwa mtu huyo, hukuwa, naye akapata hasara kwa sababu hiyo. Wajibu huo ni mpana kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1932, katika kesi ya Donoghue dhidi ya Stevenson, mahakama ya juu ya Uingereza ilikubali kwamba mtengenezaji wa kinywaji anawajibika kwa mnywaji ambaye hakununua chochote kwake wala hakuwa na mkataba naye. Kinywaji alinunuliwa na rafiki yake, na madai yalikuwa kwamba ndani ya chupa kulikuwa na konokono aliyeoza. Ukitengeneza kitu kinachomfikia mtu usiyemjua, tayari una jambo la kulikatia bima.

Jiulize maswali haya:

- Je, watu huingia kwangu? Mgeni anayeteleza, mbwa anayeuma, mti wangu unaoangukia gari la jirani. Bima nyingi za nyumba zina kipengele cha dhima; angalia kama kimo na kikomo chake. Mpangaji naye anakihitaji, hasa kwa moto alioanzisha yeye ukaharibu jengo.
- Nauza bidhaa? Inahitajika dhima ya bidhaa.
- Natoa ushauri, michoro, hesabu au tiba? Inahitajika dhima ya kitaaluma. Dhima ya kawaida kwa umma haigusi ushauri mbaya.
- Nina wafanyakazi? Majeraha yao kazini huenda kwenye bima yake, na nchi nyingi huilazimisha.
- Nashika mali ya wateja? Gari la mteja lililo gerejini kwako, nguo zilizo kwa dobi, mzigo ulio ghalani: dhima ya kawaida huvitenga vitu vilivyo chini ya uangalizi wako. Omba nyongeza.

Halafu uliza jambo moja la kiufundi ambalo limewaumiza wengi: bima inaangalia siku ya tukio au siku ya dai? Ikiangalia tukio, kosa la mwaka huu hulipwa na bima ya mwaka huu, hata kama dai litakuja miaka mitatu baadaye. Ikiangalia dai, bima lazima iwe hai siku dai linapofika, na kosa liwe limetokea baada ya tarehe ya kuanzia iliyoandikwa. Bima za kitaaluma mara nyingi ni za aina hii ya pili. Ukihama kampuni, hakikisha tarehe ile haisogezwi mbele. Ukistaafu, nunua muda wa ziada wa kutoa taarifa, ili madai yanayofika baada ya bima kuisha nayo yapokelewe.

Uliza pia kama gharama za mawakili ziko ndani ya kikomo au juu yake. Zikiwa ndani, kesi ndefu inaweza kula fedha zote kabla hujamlipa aliyeumia.

Faini, makosa ya makusudi na uchafuzi wa polepole wa mazingira usivitarajie humu.

Hatua ya 7: Jaza fomu mwenyewe, kwa ukweli

Mwaka 1766, katika kesi ya Carter dhidi ya Boehm, Jaji Mansfield wa Uingereza alieleza kwa nini bima hudai uwazi kuliko mikataba mingine: habari muhimu ziko kwa anayekata bima, na kampuni inamwamini. Sheria za nchi mbalimbali zimelegeza jambo hili kwa wateja wa kawaida, lakini jibu la uongo kwa swali ulilouliza bado ndilo njia fupi ya kupoteza dai.

Wakala akikwambia "nitakujazia, wewe saini tu," mshukuru, kisha soma kila jibu kabla ya kuweka sahihi. Sahihi ni yako. Paa la makuti usiandike bati. Ajali ya mwaka juzi usiifute kwa sababu ilikuwa ndogo. Usilolijua, andika kwamba hulijui. Chukua nakala ya fomu.

Kabla ya kulipa, hakikisha kampuni na wakala wana leseni kutoka kwa mamlaka inayosimamia bima, lipa kwenye akaunti ya kampuni, na thibitisha na kampuni yenyewe kwamba hati uliyopewa ni halali. Bima bandia hugundulika siku ya ajali, na siku hiyo hakuna wa kumlilia.

Hatua ya 8: Soma mkataba kwa mpangilio huu

Anza na jedwali: jina lako, anwani, tarehe, viasi, sehemu ya kujibebea. Kosa la herufi lirekebishwe leo. Kisha nenda moja kwa moja kwenye yasiyolipwa, hata kama yako ukurasa wa mwisho. Halafu masharti, yaani unachotakiwa kufanya wewe (kengele ya wizi, vizima moto, muda wa kutoa taarifa). Kisha maana za maneno, kwa sababu "familia" au "wizi" kwenye mkataba si lazima iwe ile unayoijua. Mwisho nyongeza, ambazo hubadilisha yote uliyosoma kabla.

Kama nyumba ina mkopo, usidhani bima iliyowekwa na benki inakutosha. Huenda inalinda deni la benki tu, na vyombo vyako havimo.

Hatua ya 9: Mwaka ukiendelea

Toa taarifa ukianza biashara nyumbani, ukiongeza chumba, ukipangisha, ukibadili dereva au matumizi ya gari. Ukiuza gari, bima yako kwa kawaida haihami nalo kwenda kwa mnunuzi. Weka kumbusho mwezi mmoja kabla ya bima kuisha. Ajali ya siku moja baada ya kuisha ni yako.

Hatua ya 10: Hasara ikitokea

1. Okoa watu, piga simu za dharura, toa taarifa polisi pale inapohitajika (wizi, majeraha, ajali ya barabarani).
2. Zuia hasara isiendelee: funika paa kwa turubai, funga maji, hamisha vilivyo salama. Tunza risiti, gharama hizi mara nyingi hurudishwa.
3. Piga picha kabla ya kusafisha. Vilivyoharibika usivitupe mpaka mkadiria hasara avione.
4. Barabarani, chukua namba za magari, majina, bima za wahusika, na mashahidi. Usikiri kosa, usiahidi kulipa. Kuuliza kama mtu ameumia na kumsaidia ni utu. Kusema "nitagharimia kila kitu" kunaweza kuifunga mikono kampuni inayotakiwa kukutetea.
5. Ijulishe kampuni mara moja, kwa simu na kwa maandishi. Barua ya wakili au hati ya mahakama ipeleke siku hiyohiyo bila kuijibu.
6. Usimsamehe kwa maandishi aliyekusababishia hasara. Kampuni ikikulipa, huchukua nafasi yako kumdai yeye. Ukishamwachia, umeiharibia haki hiyo nayo inaweza kukukatalia.
7. Usianze matengenezo makubwa bila idhini.

Mambo yakikwama

*Dai limekataliwa.* Omba sababu kwa maandishi, na kifungu kamili kinachotegemewa. Kisome pamoja na maana za maneno. Kifungu chenye utata, mahakama nyingi hukitafsiri dhidi ya aliyekiandika. Peleka malalamiko kwa kampuni kwanza, kisha kwa msuluhishi au mamlaka ya bima, kisha mahakamani. Angalia ukomo wa muda, usiache malalamiko yakamaliza muda wako wa kushtaki.

*Fedha ni kidogo.* Omba ripoti ya mkadiria hasara. Leta makadirio yako mawili kutoka kwa mafundi tofauti. Unaweza kuajiri mkadiria wako mwenyewe. Usisaini hati ya kwamba umelipwa kikamilifu kama bado unabisha. Omba walipe kwanza sehemu isiyo na ubishi.

*Gari limehesabika halitengenezeki, na bei waliyotoa hainunui jingine.* Kusanya matangazo ya magari ya aina, mwaka na kilomita zilezile, pamoja na rekodi za matengenezo. Uliza kama mabaki yanabaki kwako na watakata kiasi gani.

*Wamekata uchakavu kwenye vipuri.* Gari la zamani likiwekewa kipuri kipya limekuwa bora kuliko lilivyokuwa, na hapo fidia husimama. Uliza asilimia iliyotumika kwa kila kipuri, kisha linganisha na mkataba.

*Nina bima mbili za kitu kimoja.* Hulipwi mara mbili. Zitaje zote, kampuni zitagawana hasara.

*Aliyenigonga hana bima.* Tumia bima yako kubwa kama ipo. Uliza kama mkataba wako una kinga dhidi ya wasio na bima, na kama nchi yako ina mfuko wa fidia kwa waathirika wa ajali za namna hiyo.

*Dai linakokotwa.* Andika tarehe, saa na jina la kila uliyezungumza naye. Baada ya kila simu tuma ujumbe mfupi wa maandishi unaorudia mlichokubaliana.

*Nimegundua nilikosea kwenye fomu.* Andikia kampuni leo, kabla ya hasara yoyote. Wanaweza kupandisha ada au kubadili masharti. Taja tarehe uliyogundua kosa, na baki na nakala ya barua yenye muhuri wa kupokelewa.